Dafrau na Mita Mbili za Mwisho
Mhadhara kwa manahodha, mabaharia na wenye vyombo vidogo vya tanga



Mada yangu ni dafrau, ambazo vijana wengi siku hizi wanaziita fenda: kile kinachoning'inizwa ubavuni mwa chombo ili kisigongane na gati wala na chombo kingine. Nazungumzia vyombo vidogo, mashua na madau ya mita 5 hadi 10, vile vinavyobeba abiria, samaki, mchanga na watalii. Yapo pia maboti ya tanga ya faiba yanayozidi kuonekana Kilifi, Tanga na Unguja, na mengi nitakayosema yanayahusu. Majahazi makubwa na meli zina hesabu zao, sitaziingilia leo.

Naanza na msimamo wangu, nanyi mnipime kwa huo. Dafrau hukinga pale tu inapogusa, na hukinga kwa muda ule tu inapogusa. Chombo kilichofungwa hakikai tuli. Kinapanda, kinashuka, kinakwenda mbele na kurudi nyuma, kinalala upande huu na ule. Mtu aliyetundika matairi mawili akaenda zake nyumbani amekikinga chombo kwa dakika ile aliyoondoka. Kazi yenyewe ni kujua mapema chombo kitagusa wapi baada ya saa 3, na hilo hulijui mpaka uwe umeyasoma maji, upepo na kamba zako.

Tuitazame kwanza nguvu ya kugonga, maana hapo ndipo macho yanapotudanganya. Chukueni mashua yenye uzito wa tani 3 pamoja na shehena na watu wake. Inalijongelea gati kwa nusu mita kwa sekunde, mwendo ulio chini ya ule wa mtu anayetembea kwa kujivuta. Ukiitazama, ni kama haiendi. Ikikutana na dafrau nzuri, inayobonyea sentimita 10 kabla ya kuisimamisha, ubavu unapokea msukumo wa wastani ulio sawa na uzito wa kilo 380 hivi, yaani magunia manne na kitu ya mahindi ya kilo 90. Mashua iliyoundwa vizuri inahimili hilo. Sasa iondoeni dafrau. Ubao ukikutana na zege haubonyei zaidi ya sentimita 1. Chombo ni kile kile, mwendo ni ule ule, lakini msukumo sasa unakaribia tani 4, tena umetua mahali padogo penye ukubwa wa kiganja. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa haiongezeki mara mbili. Inakuwa mara nne.

Hesabu hiyo ina jambo zito ndani yake, nalo ni mguu wa binadamu. Kila siku kwenye magati yetu utamwona baharia kijana amekaa ukingoni, miguu nje, anangojea zege likaribie alikanyage ili kuipunguza mashua mwendo. Nahodha anamwona na kunyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyolelewa. Mara nyingi inafaulu, na kufaulu huko ndiko kunakotufundisha vibaya. Siku wimbi la boti la mwendo kasi likipita nyuma wakati mguu uko katikati, mguu huo ndio utakaobeba msukumo wote, na unaweza kuvunjika vibaya. Vidole vya mkono navyo ni hivyo hivyo: mtu anashika ukingo wa mashua kwa nje, chombo jirani kinasogea, basi. Amri ya kwanza ya nahodha anapokaribia gati iwe, "Miguu ndani, mikono ndani!" na aiseme kwa sauti hata kama abiria ni wazee wa heshima. Aliye karibu na pua apewe dafrau moja ya mkononi, iliyofungwa kamba fupi, aishushe palipo na hatari. Ikibanwa, aiachie. Hasara ya dafrau moja inabebeka.

Mbao nazo zinaumia kwa namna ambayo haionekani siku ile ile. Mashua zetu zimepigiliwa mbao juu ya mataruma, na katikati ya ubao na ubao kuna kalafati, pamba iliyosindiliwa na kulowekwa mafuta. Ukigonga pale ambapo ubao umelala juu ya taruma, taruma linasaidia kubeba. Ukigonga katikati ya mataruma mawili, ubao unapinda kuingia ndani, unarudi, na kalafati inaachia kidogo. Hakuna ufa wa kuonekana, hakuna kelele. Wiki inayofuata mnakuta ngama ina maji kuliko kawaida, mnalaumu jua, mnalaumu fundi, mnanunua pamba nyingine. Kwa hiyo, unapotundika dafrau kwenye mashua ya mbao, tafuta taruma lilipo. Misumari ya nje inakuonyesha mstari wake. Dafrau ilale juu ya mstari huo.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maagizo mengi yanayoandikwa kuhusu dafrau yanatoka kwenye nchi ambazo boti hufungwa kwenye magati yanayoelea, yanayopanda na kushuka pamoja na chombo. Kwa hali kama hiyo dafrau hufungwa chini, karibu igusane na maji, kisha unalala usingizi wako. Sisi magati yetu mengi ni ya zege au ya nguzo, yamesimama palepale, na bahari yetu ina mwendo mkubwa. Wakati wa bamvua kubwa, maji ya Unguja na Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na ya Mombasa kwa zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu tofauti inaweza kushuka hadi mita 1 hivi. Ni gati lile lile, lakini kwa mwenye dafrau ni sehemu mbili tofauti.

Tena maji hayapandi kwa kasi moja. Kati ya kujaa na kupwa kuna saa 6 na dakika chache. Saa ya kwanza na ya mwisho maji yanasogea kidogo sana. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazokimbia, kila moja ikichukua karibu robo ya tofauti yote. Katika bamvua la mita 4, hiyo ni mita nzima kwa saa moja. Ukienda kunywa chai na kurudi, ubavu umeshaondoka mbele ya dafrau.

Tuchukue mfano wa Unguja, ambako siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa 10 alasiri na kupwa kiasi cha saa 4 usiku. Mashua inafika saa 10 na abiria wake. Ukingo wake uko karibu sawa na uso wa gati, watu wanashuka bila shida. Baharia anafunga kamba fupi za mita 2 mbele na nyuma, anazikaza vizuri, anatazama matairi mawili makubwa yaliyotundikwa kwenye gati lenyewe, anaridhika. Saa 1 usiku, chombo kimeshuka mita 2. Matairi ya gati yamebaki juu, yanagusa hewa. Kamba fupi zimekaza kama chuma, zinakivuta chombo kiegemee zege kwa uzito wake mwenyewe. Saa 2, ama kamba inakatika, ama kishikio kinang'oka na kipande cha ubao, ama chombo kinaning'inia kimelala upande. Yote haya siku isiyo na upepo.

Funzo la kwanza la mfano huo ni kwamba dafrau yako ifungwe chomboni, isitegemee matairi ya gati. Yale yamewekwa kwa ajili ya vyombo vikubwa na kwa maji ya kiwango fulani. Iliyofungwa kwenye chombo inapanda na kushuka pamoja na chombo. La pili ni urefu wa kamba. Kipimo ninachokipendekeza ni kamba ya omo na ya tezi ziwe na urefu usiopungua mara tatu ya tofauti ya maji: kwa mita 4, mita 12 kila moja, zikipelekwa mbali mbele na mbali nyuma kwa mshazari, zisishuke wima. Kamba ndefu iliyolala inahisi mita 4 za maji kidogo tu. Kamba fupi iliyosimama inazihisi zote.

Juu ya hizo, funga mbili zaidi: moja itoke omo irudi nyuma hadi gatini, nyingine itoke tezi iende mbele. Kazi yake ni kukizuia chombo kisitembee mbele na nyuma. Manahodha wengi huziona ni kamba za mapambo, na hapo sikubaliani nao kabisa. Bila hizo mbili, mkondo na mawimbi hukisogeza chombo mita moja mbele, mita moja nyuma, na dafrau uliyoilinganisha kwa makini na nguzo inajikuta iko mbele ya nafasi tupu, huku nguzo ikiusugua ubao ulio wazi. Ukiniuliza nichague kati ya dafrau ya nne na kamba hizi mbili, nitachukua kamba.

Kwenye nguzo kuna shida yake. Dafrau ya duara ndefu iliyotundikwa wima inafaa ukuta wa zege ulio sawa. Kwenye nguzo moja ya boriti inabingirika: chombo kinasogea kidogo, dafrau inateleza upande wa pili wa nguzo, na sasa haipo kati. Na nguzo za magati yetu zimeota chaza na magamba makali kuanzia katikati kwenda chini, hivyo ubao hausuguliwi tu, unakatwa. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi. Tundika dafrau mbili wima, zikiachana mita 1 hivi, kila moja juu ya taruma lake. Kisha nje yake, upande wa gati, ning'iniza ubao mmoja mnene, tuseme wa sentimita 5 kwa 15, wenye urefu wa mita 1 na nusu au zaidi, ulale mlalo juu ya dafrau zote mbili, ukiwa na kamba mbili zake mwenyewe. Sasa nguzo inasugua ubao huo, na ubao unagawa msukumo kwa dafrau mbili na mataruma mawili. Chombo kinaweza kwenda mbele na nyuma nusu mita na bado nguzo iko juu ya ubao. Fundi yeyote atakutolea ubao kama huo kwenye mabaki ya karakana. Utoboe ncha zake, uzipige randa zisiwe na kona kali, na kamba zake uzikague kwa sababu ndizo zinazolika kwanza.

Kuna hatari nyingine kwenye magati ya nguzo ambayo nawaombeni msiichukulie kwa wepesi. Maji yakipwa sana, ukingo wa mashua unaweza kuingia chini ya boriti ya mlalo ya gati. Hakuna anayeona kwa sababu ni usiku. Maji yanapoanza kujaa, boriti haisogei, bahari haisubiri, na mashua inabanwa mpaka ijae maji. Dafrau zilizotundikwa na ubao wake wa nje hukiweka chombo mbali na boriti. Lakini palipo na uwazi wa namna hiyo, mimi singeacha chombo bila mtu wakati wa bamvua. Ningekitia nanga nje kidogo, kipwelewe mchangani kwa amani.

Kuhusu vitu vyenyewe vya kutengenezea dafrau, nitakuwa mfupi. Tairi ni la bei nafuu na linadumu, na sina ugomvi nalo kwenye mashua ya kazi, mradi mambo kadhaa yazingatiwe. Litobolewe upande wa chini, maji ya mvua yatoke, maana tairi lenye maji ni zito na ni nyumba ya mbu. Lililolika hadi nyaya zake za chuma zikaonekana litupwe; linakwaruza kuliko zege. Livikwe gunia au turubai, la sivyo linaacha mistari myeusi kwenye rangi ya jirani, na jirani huyo atakuwa na haki ya kukasirika. Na likumbukwe kuwa halielei: kamba ikioza, tairi linazama na kukaa kwenye matumbawe miaka na miaka.

Dumu tupu la lita 20 halifai. Likiwa na kifuniko linapasuka kwa msukumo mmoja mkubwa, likiwa bila kifuniko linabonyea na kubaki hivyo. Boya gumu la nyavu nalo ni gumu mno. Halibonyei, na kisichobonyea hakikingi. Gunia lililosindiliwa makumbi ya nazi na kuzungushiwa kamba kuukuu linafanya kazi vizuri zaidi ya vyote hivyo, tena makumbi yamejaa pwani nzima. Lina udhaifu wa kulowa na kuoza, kwa hiyo lianikwe na lifanywe upya kila msimu. Kwa mwenye uwezo, zile za plastiki zinazojazwa upepo ni bora. Kipimo cha kukadiria ni sentimita 2 za kipenyo kwa kila mita 1 ya urefu wa chombo: mashua ya mita 6 ipate dafrau ya sentimita 12, ya mita 9 ipate ya 18, na anayefungia mahali penye mawimbi aongeze. Zisijazwe upepo mpaka zikawa kama jiwe. Ukibonyeza kwa kidole gumba, ikubali kidogo. Na zijazwe asubuhi huku mkikumbuka kuwa jua la saa 7 mchana litaupanua upepo uliomo.

Idadi isipungue tatu kwa upande unaogusa. Moja ikae pale chombo kilipo kipana zaidi, kwani hapo ndipo patakapogusa kwanza, nyingine mbele yake na nyingine nyuma. Mashua nyingi zina tumbo la kutokeza, kwa hiyo usigawe nafasi sawasawa kwa kutazama urefu tu. Simama gatini utazame umbo lenyewe. Ya nne, ikipatikana, ikae kwenye kona ya tezi, maana nahodha anapozungusha pua kutoka gatini, kona hiyo ndiyo inayobamizwa.

Zifungwe kwenye kitu kilichopigiliwa kwenye taruma. Wenye maboti ya faiba nawaona wakizifunga kwenye ule waya wa pembeni wa kuzuia watu wasianguke. Waya huo haukuwekwa kwa kazi hiyo. Unalegea, nguzo zake zinapinda, na dafrau inayumba huku na huku. Zifungwe chini, kwenye vile vyuma vya kufungia kamba au kwenye kitako cha nguzo hizo.

Nigeukie sasa desturi yetu ya kufunga vyombo ubavu kwa ubavu, vitatu au vinne kutoka gatini kwenda nje, kama ilivyo Lamu siku za shughuli. Hapa adui ni wimbi la boti za mwendo kasi. Gati halichezi, lakini vyombo viwili vinacheza kila kimoja kwa mtindo wake: kimoja kinapanda wakati kingine kinashuka, kingo zinakutana, na dafrau iliyofungwa chini inachomoka juu na kurukia ndani. Kwa hiyo kati ya chombo na chombo, dafrau zifungwe juu, karibu na ukingo, na kila chombo kitoe zake. Foromali ishushwe na kulazwa kwa urefu wa chombo. Milingoti isilingane: anayekuja asogee mbele au nyuma kidogo ili, vyombo vikilaliana, vichwa vya milingoti visipigane. Na aliye nje kabisa apeleke kamba zake mwenyewe hadi gatini. Akijifunga kwa jirani tu, mzigo wake wote unabebwa na dafrau za yule wa ndani, ambazo hakuzinunua. Abishe hodi pia kabla ya kufunga. Wazee wetu hawakupanda chombo cha mtu bila hodi, na mwenye kubisha hodi huwa anapata nafasi ya kuulizwa, "Dafrau zako ziko wapi?"

Wakati wa kuja, dafrau ziwe tayari mapema, tanga likiwa bado liko juu. Nimeshuhudia chombo kikiwa mita 5 kutoka gatini na baharia bado anafukua chini ya nyavu akitafuta kamba ya tairi. Ziwekwe pande zote mbili mpaka nahodha awe na hakika ya upande atakaofunga, kwa maana upepo unaweza kugeuka au nafasi ikachukuliwa na mwingine. Na ukishaondoka, ziingizwe ndani. Chombo kinachokwenda tanga huku matairi yakiburuta majini kinapoteza mwendo, kinavuta kamba zake mpaka zilegee, na kikipishana na kingine kwa karibu kamba hizo hunasa. Hilo liwe jambo la kwanza baada ya kuliachia gati, kabla hata ya kulipanga tanga vizuri.

Ndugu zangu, bamvua halipo mbali. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo haikosi kuja. Kabla ya bamvua lijalo nawaomba kila mwenye chombo ashuke gatini maji yakiwa yamepwa kabisa, atazame nguzo zilipo, boriti ya mlalo ilipo, na ubavu wake utakuwa wapi. Kisha apime kamba zake, akague kila fundo la dafrau, na amwite baharia wake mdogo kuliko wote amwambie waziwazi kwamba kuanzia leo hakuna mguu utakaotolewa nje ya chombo hiki.